Songwe: njia ya kurukia ni ndefu, mbona ndege bado zinabanwa? (Uzi wa uwanja na barabara ya njia nne Nsalaga–Ifisi)

KambaNaKipimo (mtoa mada)

Wakuu, mjadala huu hurudi kila baridi ikianza, na kila mara unaishia kwenye "serikali ifanye hiki, shirika lifanye kile". Tuuweke mahali pamoja, kwa vipimo.

Kwanza kwa wageni: Uwanja wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe. Uko Mkoa wa Mbeya, ukivuka Mbalizi, kilomita 20 na ushee magharibi mwa jiji. Mkoa wa Songwe wenye makao Vwawa ulizaliwa 2016, uwanja ulishafunguliwa Desemba 2012. Kuna mtu hukata tiketi akidhani anashuka Vwawa, kisha anaanza kutafuta basi la Tunduma barabarani.

Njia ya kurukia ni mita 3,330 kwa upana wa 45, lami. Uwanja wa zamani ulikuwa katikati ya jiji, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, mfupi, na mlima Loleza unakutazama usoni. Songwe uko chini zaidi, karibu mita 1,340. Barabara ya kuufikia ni TANZAM yenyewe, barabara kuu ya Tanzania–Zambia, ileile inayobeba malori ya Zambia na Congo.

Hoja yangu: urefu wa uwanja ulishamalizwa 2012. Kinachobana sasa ni vitu vinne vidogo vidogo vinavyouzunguka: ukungu na taa, zimamoto, mzigo wa kupakia, na zile kilomita za barabara. Karibuni, kila mtu na eneo lake.

---

Digrii_na_Mita

Naanza na urefu, maana kuna wanaosema "mita 3,330 Mbeya za nini, Boeing gani itakuja". Hesabu ni hii, ipo kwenye miongozo ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) na mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu.

Chukua ndege ambayo usawa wa bahari, kwenye hewa ya kawaida ya nyuzi 15, inahitaji mita 2,000 kuruka ikiwa imejaa. Unaongeza 7% kwa kila mita 300 za mwinuko. Songwe: 1,340 ÷ 300 = 4.47, mara 7 unapata 31.3%. Mita 2,000 zinakuwa 2,626.

Halafu joto. Hewa ya kawaida kwenye mwinuko huo ingekuwa nyuzi 6.3 tu. Ukichukua joto la usanifu la 28, umezidisha nyuzi 21.7, na kila nyuzi ni 1%. 2,626 × 1.217 = karibu 3,196. Bado hujagusa mteremko wa njia yenyewe (10% kwa kila 1% ya mteremko).

Kwa hiyo 3,330 ya Songwe ni kama mita 2,000 na kidogo za Dar asubuhi yenye baridi. Si anasa hata kidogo. Angalizo: nyongeza ikizidi 35%, miongozo yenyewe inasema usitegemee hesabu hii, nenda kwenye majedwali ya mtengenezaji wa ndege. Niliyoandika hapo ni ya kukupa sura tu.

---

NguzoYaPapi

Umeweka vizuri mkuu. Mimi nichukue taa na ukungu, hapa ndipo maneno mengi hupotoka.

Miaka ya mwanzo Songwe haukuwa na taa za kuongozea ndege, kwa hiyo jua likizama uwanja umefungwa. Ukungu wa asubuhi ukichelewa kuondoka, ratiba nzima inaanguka, kwa sababu hata ukitaka kufidia jioni huna taa. Taa zimetibu hilo la jioni. Ukungu wenyewe hazijautibu na hazitautibu.

Ukungu wa bonde unatengenezwa hivi: usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto, hewa baridi ni nzito, inateremka kutoka safu ya Mbeya na kujilundika bondeni. Ikiwa jana yake mvua ilinyesha, unyevu upo tele. Alfajiri unakuta shuka jeupe limelala juu ya uwanja wakati mjini kwenye mwinuko kuna jua. Ndiyo maana abiria anapiga simu "huku kweupe, kwa nini mmeahirisha?" Huku ni juu ya shuka, ndugu yangu. Jua likipata nguvu, saa tatu au saa nne, linayeyuka lenyewe.

Taa za pembeni zinamsaidia rubani aliyekwisha kuiona njia. Kinachoamua kama ataiona ni mambo mawili: aina ya njia ya kushukia iliyochorwa kwa uwanja huo, na taa za kabla ya kichwa cha njia (mwanzo wa njia ya kurukia). Mtambo wa ILS (unaomwongoza rubani kushuka kwa redio) wa daraja la kwanza unamruhusu ashuke hadi futi 200 juu ya ardhi kabla ya kuamua. Njia ya kushukia isiyo na mwongozo wa wima humwachia juu zaidi ya hapo, na milima ikiwa karibu kiwango hupanda tena.

Hata ukiwa na ILS, taa za mbele ndizo zinazopunguza kiwango cha kuona kinachotakiwa. Kwa futi 200 hizo, chini ya kanuni za Ulaya ambazo wengi huzifuata: taa kamili (urefu wa mita 720 au zaidi, mpangilio kamili wa daraja la kwanza ni mita 900) unahitaji kuona mita 550. Bila taa za mbele kabisa, 1,200. Mtambo uleule, rubani yuleyule. Watu wanapiga kelele za ILS wakisahau nguzo za taa nje ya uzio, ambazo nazo zinadai ardhi ya karibu kilomita moja kutoka kichwa cha njia. Hiyo ardhi usipoitwaa mapema, ukirudi baada ya miaka mitano unakuta nyumba.

---

Korido_ya_Kusini

Swali la haraka: taa za pembeni ni ngapi na zikizimika huwa nini? Maana tunasikia "hitilafu ya taa" bila maelezo.

---

NguzoYaPapi

Umbali kati ya taa na taa usizidi mita 60. Kwa mita 3,330 ni nafasi 56, taa 57 kila upande, 114 jumla, bila kuhesabu za vichwa viwili, za barabara za ndege na PAPI (masanduku manne ya taa kwa upande mmoja wa njia, yanayomwonyesha rubani pembe ya kushuka).

Zote zinaungwa mfululizo, si kama za nyumbani. Mtambo wa kudhibiti unasukuma mkondo usiobadilika, 6.6 ampea kwa mwanga wa juu kabisa, na kila taa ina transfoma yake ndogo ardhini. Balbu ikiungua, mkondo unaendelea kupita kwenye transfoma, taa nyingine haziathiriki. Kwa usanifu mzuri saketi ni mbili zinazopishana, taa moja huku moja kule, ili moja ikifa ubaki na nusu iliyosambaa sawia badala ya upande mmoja wa giza.

Adui ni maji. Viungo vya kebo kwenye mashimo vikijaa maji kipindi cha masika, uzuiaji wa umeme unashuka, mkondo unavuja ardhini, taa za mwisho zinafifia. Fundi anapima kila mwezi kwa megga (kipimo cha uzuiaji wa umeme kwenye kebo) na kuandika. Namba ikishuka mwezi hadi mwezi, anatafuta kiungo kibovu kabla hakijajitangaza. Adui wa pili ni anayechimba shaba. Na umeme wa gridi ukikatika jenereta inatakiwa iwe imechukua mzigo ndani ya sekunde 15.

---

Povu_Tayari

Hili la zimamoto hakuna anayelitaja mpaka ndege kubwa ikataliwe.

Daraja la zimamoto la uwanja linatokana na urefu wa ndege na upana wa mwili wake. Ndege ya abiria ya Q400 ina urefu wa mita 32.8, ya A220-300 ina 38.7: zote daraja la 6. Hapo unahitaji magari mawili, maji lita 7,900 kwa povu la kiwango B, uwezo wa kumwaga lita 4,000 kwa dakika, na unga mkavu kilo 225. Ukileta 737 MAX 9 yenye mita 42 na ushee umeingia daraja la 7: lita 12,100 na 5,300 kwa dakika. Ndege ya mizigo 767-300F ina karibu mita 55: daraja la 8, magari matatu, lita 18,200.

Kuna nafuu: kama kuruka na kutua kwa ndege ndefu zaidi hakufiki mara 700 katika miezi mitatu mfululizo yenye shughuli nyingi, uwanja unaweza kushuka daraja moja. Moja tu.

Na muda: kutoka kengele hadi povu la kwanza kwenye eneo lolote la njia ya kurukia, dakika 3 usizidi, lengo liwe 2. Njia ya mita 3,330 kituo kikiwa pembeni kabisa, gari linakimbia kilomita tatu. Lori la tani 20 na zaidi lenye maji haliondoki kama pikipiki. Kwa hiyo "magari yapo" si jibu. Wapi yamesimama, na nani yuko zamu saa mbili usiku ndege iliyochelewa ikitua? Taa zikirefusha saa za uwanja, zamu za zimamoto, waongozaji na wa hali ya hewa zinarefuka nazo. Bajeti ya watu husahaulika kila mara.

---

Korido_ya_Kusini

Nakazia. Sasa mzigo. Kila mkutano unasikia "parachichi za Rungwe na Njombe zipande ndege Songwe". Wakuu, parachichi ni tunda la meli. Likichumwa likiwa gumu na kuwekwa kwenye nyuzi 5 au 6 ndani ya kontena, linavumilia majuma kadhaa baharini. Kwa kilo, bei yake haibebi nauli ya ndege. Linachotaka ni chumba cha baridi karibu na shamba, umeme usiokatika, na lami nzuri hadi bandarini.

Vinavyopanda ndege ni vile vinavyokufa kwa siku mbili tatu: maua, maharage machanga, njegere za maganda, mimea ya viungo mibichi. Hivi vikilimwa kwa wingi nyanda hizi, tumbo la A220 litabeba kidogo, kwani mizigo yake inapangwa kwa mkono kipande kwa kipande, haiingii kwenye paleti. Kupata paleti unataka 767-300F, yenye uwezo wa tani 54 hivi, na hapo unarudi kwa Povu_Tayari.

Halafu lami yenyewe. Uwezo wa njia ya kurukia sasa unaandikwa kwa mfumo wa PCR (namba ya nguvu ya lami), ulioanza kutumika rasmi Novemba 2024 badala ya PCN. Namba ya ndege ikizidi ya uwanja, huruki kwa kuombewa. Urefu na nguvu ni vitu viwili tofauti kabisa.

---

LamiMotoMoto

Tufike barabarani, maana ndiko pesa nyingi ziko na ndiko abiria anapoteza muda.

Mradi wa njia nne ni Nsalaga (Uyole) hadi Ifisi, kilomita 29. Ndani yake kuna Uyole yenyewe inakoungana barabara ya Tukuyu–Kasumulu ya Malawi, Soweto, Mafiati, Iyunga, mteremko wa Iwambi, Mbalizi, hadi Ifisi. Tofauti na huo, kuna mchepuo wa Uyole–Songwe, kilomita 48.9, wa kuyatoa malori nje ya jiji. Watu huchanganya. Njia nne zinaongeza nafasi. Mchepuo unatenganisha magari. Kwa maoni yangu mchepuo una faida kubwa zaidi kwa uwanja, kwa sababu hii:

Gari dogo kwa kilomita 50 kwa saa linamaliza kilomita 20 kwa dakika 24. Weka kilomita 3 tu za mlima nyuma ya lori linalopanda kwa 15 kwa saa: kipande hicho pekee ni dakika 12 badala ya chini ya 4. Sasa lori moja likilala hapo kwa hitilafu, kwenye njia mbili zisizo na bega pana, saa nzima imekwenda na ndege nayo.

Kuhusu lami kubonyea kwenye milima: si lazima mkandarasi kaiba. Lami ni kitu kinachotiririka polepole. Gurudumu likikaa juu yake muda mrefu kwenye joto, inahama pembeni. Tairi linalopita kwa 80 linagusa nukta ile kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa 15 linaikalia zaidi ya mara tano. Kwa hiyo mchanganyiko ulioshinda tambarare ya Usangu utashindwa Iwambi. Dawa: kokoto kubwa zinazobanana zenyewe kwa zenyewe, lami iliyoongezwa polima, mchanga wa mviringo usitumike, na sehemu za kupanda kabisa zijengwe zege. Lami ikizidi hata nusu asilimia kwenye mchanganyiko, mifereji inaanza msimu wa kwanza wa joto.

Na uzito. Sheria ya Afrika Mashariki ni tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Mwongozo wetu wa usanifu unapima madhara kwa kugawa uzito kwa tani 8.16 kisha kupandisha kwa kipeo cha 4.5. Ekseli ya tani 10 = madhara 2.5. Ya tani 12 = 5.7. Tani mbili za "kuongezea kidogo" zinakula barabara zaidi ya mara mbili. Mizani ya Mpemba inakamata jumla, lakini shehena ikihamishwa nyuma baada ya mizani, ekseli moja inabeba dhambi za zote.

---

Digrii_na_Mita

LamiMotoMoto, hapo kwenye mchepuo napinga kidogo. Abiria wengi wa uwanja wanatoka jijini na Mbalizi, si Uyole. Mchepuo ukikamilika bila njia nne, daladala, bajaji na malori ya mchanga ya ndani yatabaki kwenye njia mbili zilezile. Mbalizi foleni yake ni ya soko na stendi, si ya transiti.

---

LamiMotoMoto

Kweli Mbalizi ina foleni yake, nakubali. Ila ya soko unaitibu kwa vituo vya daladala vilivyoingizwa ndani ya barabara (gari likisimama litoke njiani kabisa), barabara za huduma pembeni, na ukuta wa katikati wenye vivuko vichache. Ukijenga njia nne ukaacha kila duka na mlango wake kwenye lami, njia ya kushoto inageuka maegesho ndani ya mwezi, umebaki na njia mbili kwa bei ya nne.

---

Mita22NaNusu

Kwa wenye nyumba kandokando, kabla hamjapaniki kuhusu alama za X zinazochorwa kwenye nyumba. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Ya zamani ilikuwa 45, sawa na 22.5 kila upande. X nyekundu: uko ndani ya ile ya zamani, kwa kawaida hulipwi, uliingia hifadhini. X ya kijani: uko kati ya 22.5 na 30, sheria ilikufuata wewe, unastahili fidia eneo likichukuliwa.

Pimeni wenyewe kutoka katikati ya barabara ya sasa, lakini mjue katikati ya usanifu mpya inaweza kusogea pale njia zinapoongezwa upande mmoja. Wekeni picha zenye tarehe, hati au barua ya serikali ya mtaa, na risiti za ujenzi. Fomu ya uthamini usiisaini bila kuhesabu miti na uzio. Mti wa parachichi unaozaa si sawa na mche.

Kinachochelewesha mradi wa namna hii si fidia pekee. Nguzo za umeme, mabomba ya maji na mkongo wa mawasiliano vyote viko ndani ya mita hizo 30. Mkandarasi anafika na greda, bomba halijahamishwa, anaruka kipande anakwenda mbele. Ndiyo maana unaona lami mpya mita 800, halafu shimo, halafu lami tena.

---

Povu_Tayari

Swali kwa watu wa barabara: mteremko wa Iwambi malori yanayokosa breki mnayafanyaje? Rasta na matuta havisimamishi semi iliyokwisha breki.

---

LamiMotoMoto

Havisimamishi. Tuta kwa lori lisilo na breki ni kumrusha tu dereva.

Kwanza sababu. Dereva anaweka gia huru ateleze kuokoa dizeli. Injini haishiki tena, breki za magurudumu zinafanya kazi yote, ngoma zinapata moto, na breki ya moto haishiki hata hewa ikiwa imejaa kwenye mitungi. Kanuni ya mlima: gia ya kushuka ndiyo ungepandia, breki ya egzosti iwashwe juu kabla ya kuanza, miguu ikanyage na kuachia, usilalie pedali.

Kwa barabara, dawa ni njia ya dharura inayochepuka kupanda, yenye kitanda cha kokoto za mviringo za saizi moja, kina mita 1, ila mwanzo wake uanze na sentimita 7 au 8 na kuongezeka taratibu ili lori lisipinduke linapoingia. Urefu: kasi mraba gawa kwa 254 mara (upinzani jumlisha mpando). Kasi 100, kokoto 0.25, mpando wa 5%: 10,000 ÷ (254 × 0.30) = mita 131. Ongeza akiba mwishoni.

Kinachoharibu: vumbi na udongo vinaziba kokoto, zinagandamana, kitanda kinakuwa sakafu. Lazima zifukuliwe mara kwa mara na mtaro uwe chini yake. Cha pili, watu wanageuza sehemu hiyo maegesho au genge la mahindi. Ikitokea hivyo ni heri isingekuwepo.

---

NguzoYaPapi

Nyongeza ya mahali uwanja na barabara vinapogusana, kwa yeyote anayechora njia mpya karibu na uwanja wowote. Uso wa kushukia ndege unaanza mita 60 nje ya kichwa cha njia na kupanda kwa 2%. Lori lenye kontena ni mita 4.5 hivi. 4.5 ÷ 0.02 = 225, jumlisha 60: barabara iliyo usawa mmoja na uwanja isipite karibu zaidi ya mita 285 kutoka kichwani. Ukiinua tuta la barabara mita 3 kwa ajili ya kalavati, ongeza mita 150. Nguzo ya taa ya mita 12 inataka 660. Na taa za barabarani zenye mwanga unaopanda juu, zikipangwa mstari mmoja, usiku zinafanana na njia ya kurukia. Zifunikwe juu.

---

KambaNaKipimo

Nimeulizwa faragha swali la abiria wa kawaida: ndege ya saa ngapi, na nitoke saa ngapi?

Juni hadi Agosti chagua ya saa nne asubuhi kwenda mbele ukiweza. Mashirika hupenda ya alfajiri kwa sababu ndege ikianza mapema inapiga safari nyingi kwa siku, lakini wewe huna haja ya kuwa safari yao ya kwanza. Ikiwa una kikao Dar siku hiyo, panda ya jana yake jioni.

Kutoka mjini, jipe saa moja na nusu ya barabara kipindi cha ujenzi, mbali na muda wa kukaguliwa. Ukitoka Uyole, Tukuyu au Kyela, ongeza nusu saa ya kuvuka jiji. Kutoka Tunduma na Vwawa huvuki jiji wala mteremko wa Iwambi, wasiwasi wako ni foleni ya malori ya mpakani, ambayo asubuhi ya Jumatatu inaweza kuanza mbali kabla ya Mpemba.

Ukipanda daladala ya Mbalizi usishuke stendi ukidhani umefika, bado kuna kipande. Bajaji za pale patana bei kabla ya kupakia begi.

---

Korido_ya_Kusini

Na kwa anayempokea mgeni: usimuulize rubani, muulize aliyeko Ifisi kama anaona ng'ambo ya barabara.